Homoni baada ya hedhi kukoma: nitumie au nivumilie?

Nina miaka 52. Saa tisa usiku naamka shuka limelowa jasho chapachapa, moyo unanidunda. Ni ugonjwa?

Si ugonjwa, mama. Ovari zinapoacha kutoa estrojeni, homoni kuu ya kike, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili hukosa utulivu. Joto likipanda kidogo tu, ubongo unafungua mishipa ya damu ya ngozi na kukumwagisha jasho kana kwamba umesimama juani. Wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa umekoma ukikaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zako. Lakini kutokuwa ugonjwa si sababu ya kuambiwa "vumilia, ni umri." Mtu asiyepata usingizi miezi na miezi anaumia, na dawa ipo.

Dawa za homoni zinafanya nini?

Zinarudisha kiasi kidogo cha estrojeni iliyopungua. Kwa joto la ghafla na jasho la usiku hakuna dawa inayozishinda, na zinalinda mifupa pia. Jambo moja usikubali lipite bila kuulizwa: je, bado una kizazi? Estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi na inaweza kuleta saratani hapo, ndiyo maana huongezwa homoni ya pili, projesteroni, au dawa ya jamii yake. Aliyetolewa kizazi kwa kawaida hutumia estrojeni tu.

Nasikia zinaleta saratani ya matiti.

Hofu hiyo ilivuma sana Julai 2002. Utafiti mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative, ulisimamisha mapema sehemu yake iliyokuwa ikiwapa wanawake zaidi ya 16,000 ama vidonge vya homoni mbili kwa pamoja ama vidonge visivyo na dawa. Kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliopata saratani ya matiti walikuwa 38 kwenye homoni na 30 kwenye vidonge vitupu. Wanane zaidi. Kiharusi na damu kuganda navyo viliongezeka, ila kuvunjika nyonga kulipungua.

Habari zikatangazwa kwa kishindo, na wanawake wengi wakaacha dawa. Kilichosikika kidogo ni kwamba wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, yaani wengi walikuwa wameshapita komahedhi zamani. Na waliotolewa kizazi, waliotumia estrojeni peke yake, hawakuonekana kupata saratani ya matiti zaidi. Hatari ya homoni mbili ipo, na huongezeka kadiri miaka ya matumizi inavyosonga, siifichi. Lakini mwenye afya njema, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, mara nyingi faida kwake huzidi hatari.

Kidonge au kibandiko?

Kidonge hupitia kwanza kwenye ini, na ini huchochewa kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Kibandiko au jeli ya ngozi hukwepa njia hiyo. Ukiwa na uzito mkubwa au kipandauso, ningeanza na kibandiko au jeli. Kama shida ni uke mkavu tu, krimu ya ukeni yenye estrojeni kidogo inatosha.

Nani asitumie?

Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au mshtuko wa moyo, au mwenye ugonjwa wa ini. Aliyewahi kuganda damu asianze bila daktari bingwa. Ukitokwa damu baada ya mwaka mzima bila hedhi, nenda hospitali kabla ya dawa yoyote. Zipo dawa zisizo za homoni, kama fezolinetanti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023. Hiyo inahitaji vipimo vya ini.

Dawa za homoni zinazuia mimba?

Hapana. Kama hedhi bado inakuja na kupotea, endelea na uzazi wa mpango.

Mimi hedhi ilikoma nikiwa na miaka 38. Nisubiri?

Usisubiri, dada. Kwako homoni zinajaza pengo lililokuja mapema mno, na mifupa na moyo wako vinazihitaji. Ushauri wa kawaida ni kuzitumia angalau hadi karibu miaka 50, isipokuwa una sababu ya kiafya ya kukuzuia. Muone daktari wa wanawake wiki hii.