Uthibitisho si ushahidi: kalamu na darubini katika elimu ya ulimwengu

Katika kosmolojia, yaani elimu ya asili na mwenendo wa ulimwengu mzima, maneno haya mawili huchanganywa mno. Uthibitisho ni kazi ya kalamu: unaweka masharti, kisha unafuata hesabu hatua kwa hatua hadi mahali usipoweza kupakwepa. Ushahidi huletwa na darubini.

Ushahidi mpya ukija, wengi husema hesabu ya zamani ilikosewa. Mara nyingi haikukosewa hata kidogo. Kila uthibitisho umebebwa na silabi moja ndogo, ile "-ki-" ya masharti: jambo hili likiwa kweli, basi na lile ni kweli. Ushahidi hupiga hapo kwenye "-ki-".

Tazama kazi ya wanafizikia Roger Penrose na Stephen Hawking ya mwaka 1970. Walithibitisha kwamba, nadharia ya Einstein ya uhusianifu, ile inayoeleza nguvu ya mvutano, ikishika, ulimwengu kama huu wetu ukirudishwa nyuma lazima ufike mahali ambapo njia za mwanga na za maada zinakatika, yaani haziendelei tena nyuma: mwanzo wa aina fulani. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba mvutano huvuta tu, hausukumi kamwe. Nani angelitilia shaka? Kila maada tunayoigusa hutii.

Mwaka 1998 makundi mawili ya wanaanga yalikuwa yakipima supanova za aina ya Ia. Nyota hizi zikilipuka, mwanga wake unaweza kusawazishwa hadi ukakaribia kulingana, hivyo kila moja ni kama taa ambayo nguvu yake unaijua: ikionekana hafifu, unakadiria umbali wake. Zile za mbali zilionekana hafifu kuliko ilivyotarajiwa. Maana yake zilikuwa mbali zaidi, na kutanuka kwa ulimwengu kunaongeza kasi badala ya kupungua. Kuna kitu kinasukuma. Kimeitwa nishati ya giza, nacho huchukua takriban asilimia 70 ya nishati yote iliyopo. Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011 kwa ugunduzi huo.

Hapo lile sharti likaanguka. Hesabu yenyewe imesimama vilevile, ila haituhusu tena moja kwa moja. Wala haijathibitika kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Anayeruka hadi hapo amekwenda mbio kuliko ushahidi, na kosa hili naliona zito kuliko lile la kusema hesabu ilikosewa.

Mwaka 2003 wanafizikia Arvind Borde, Alan Guth na Alexander Vilenkin walitoa uthibitisho mwingine usiohitaji sharti lile. Wao wanaweka sharti moja tu: ulimwengu ukiwa umetanuka kwa wastani katika wakati wake uliopita, njia zile za mwanga na za maada haziwezi kurudi nyuma bila kikomo. Wanaouhoji leo hawaigusi hesabu. Wanauliza kama kweli, kabla ya yote tunayoweza kuyaona, ulimwengu ulikuwa ukitanuka hivyo.