Jiwe la Kibo lenye madoa: tunayoyakosea kuhusu fuwele za volkano

Ukipanda Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, huenda umelikanyaga bila kujua: jiwe la kijivu cheusi lililojaa vipande vyeupe vyenye umbo la tiara, vingine vya sentimita 2 au 3. Vipande hivyo ni fuwele (kristali) za feldispa, aina ya madini. Uliza zilitokeaje, na jibu utakalolisikia mara nyingi ni hili, la kwanza kati ya madai sita ya kurekebisha.

"Zaha (lava) ilimwagika, ikapoa, ndipo fuwele zikaota."

Hilo ni kweli kwa ile sehemu ya kijivu tu. Zaha ikishamwagika hupoa upesi, na fuwele zinazoota hapo ni ndogo kiasi kwamba jicho halizioni. Zile tiara nyeupe zilikuwa zimeshakua chini ya mlima, magma (mwamba ulioyeyuka ungali ardhini) ikiwa imetulia na kupoa taratibu, kisha zikabebwa juu kama punje ndani ya uji. Ukilikata jiwe hilo na kulisugua hadi liwe jembamba kiasi cha kupenyeza mwanga, darubini inaweza kukuonyesha mistari ndani ya fuwele, mithili ya pete za mti. Usiihesabu kuwa miaka. Mstari ni alama ya badiliko: joto, mgandamizo, au magma mpya iliyoingia kutoka chini.

"Magma huganda kama maji: ikifika joto fulani, yote ni jiwe."

Maji ni kitu kimoja, magma ni mchanganyiko. Magma ya bazalti, mwamba mweusi wa volkano, huanza kutoa fuwele kwenye nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi, na humaliza kuganda karibu na 1,000. Kwa kawaida olivini, madini ya kijani, hutangulia. Kwazi, madini ya silika, ikiwepo hufika mwishoni. Mwanajiolojia Norman Bowen aliufafanua mfuatano huu mwanzoni mwa karne ya 20, akiyeyusha na kupoza madini katika maabara huko Washington. Ol Doinyo Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania, ina mambo yake: zaha yake ni ya kaboneti, hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 tu, na mojawapo ya madini yanayoota humo huitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere.

"Bila kupoa hakuna fuwele."

Hapa hata waliosoma hushtuka. Maji yaliyoyeyuka ndani ya magma huichelewesha kuganda. Magma ikipanda, mgandamizo hupungua na maji hutoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa. Fuwele huanza kuota ingawa joto halijashuka. Kuota kwenyewe hata huongeza joto kidogo. Magma hiyo huwa nzito, na wakati mwingine huziba koo la volkano.

"Ikipoa polepole zaidi, fuwele huwa kubwa zaidi."

Mara nyingi ndivyo, lakini idadi ya mbegu za fuwele nayo ina neno. Tazama asali inayoganda: ukiikoroga sana hutoa chembe laini nyingi, ukiiacha ikae hutoa chembe chache, kubwa na za kukwaruza ulimi. Katika pegmatiti, mwamba wa fuwele kubwa mno, masalia ya magma yenye maji mengi huanzisha fuwele chache tu, nazo huweza kufikia mita kadhaa. Hata mishipa myembamba ya mwamba, isiyochukua muda mrefu kupoa, huweza kuwa na fuwele kubwa.

"Obsidiani, lile jiwe la volkano, inang'aa, basi ni fuwele."

Ni kioo. Ile nyeusi ya maeneo ya Naivasha ilitokana na zaha yenye silika nyingi, nzito mno kwa atomi kupata nafasi ya kujipanga. Kinachoifanya fuwele iwe fuwele ni mpangilio wa atomi, mng'ao hauhusiki.

"Tanzanaiti, kile kito cha buluu, ilizaliwa na moto wa Kilimanjaro."

Wauzaji wanaipenda hadithi hii, na kwa kuwa Mererani, inakochimbwa, iko karibu na mlima, mnunuzi huikubali. Lakini tanzanaiti iliota ndani ya miamba ya kale iliyobanwa na kupashwa joto ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Kilimanjaro yenyewe haijafikisha milioni 3.