Aliyekatwa tumbo msimjaze uji

Nimechoka na chupa ya uji. Karibu kila ninayemfuatilia hapa Tanga baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, awe amefanyiwa Dar es Salaam au India, nakuta chupa ya chai kando ya kitanda na mama au wifi yake akinieleza: "Mgonjwa si anataka vitu laini, dokta? Na huu ni wa lishe, nimesagisha nafaka saba." Kapika kwa upendo, siubishi. Lakini protini humo karibu hakuna.

Aliyekatwa tumbo kaondolewa robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi. Wa baipasi, yaani aliyegawanywa tumbo na utumbo ukaunganishwa na sehemu ndogo ya juu, kabakiziwa kifuko cha mililita 30 hivi. Na bado mwili unadai angalau gramu 60 za protini kwa siku, kwa sababu kidonda kinapona huku uzito ukiporomoka. Asipoipata, misuli ndiyo inayoliwa, na nywele zinazidi kung'oka. Sasa chukua finjani, hii hii ya wauza kahawa. Katika wiki za vyakula vya kupondwa, mlo mzima ni kama finjani moja. Uji mwepesi wa finjani haufikishi gramu 2 za protini. Changu aliyepondwa, finjani ile ile, anakupa 10 au zaidi. Ukishatangulia uji, changu hana pa kukaa.

Kinachoniudhi ni imani kwamba kila kinachoteleza kooni kinamfaa mgonjwa. Uji, juisi ya embe, mahamri yaliyolowekwa kwenye chai, vyote vinapita upesi, na baada ya muda mfupi njaa imerudi. Kwa wa baipasi sukari hiyo huleta jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha, halafu jirani anasema karogwa. Samaki ndiye wanayemwogopa, eti mzito!

Basi mpikeni hivi. Nunua changu au nguru mbichi pale Deep Sea, soko letu la samaki, umchemshe kwa maji kidogo, chumvi na ndimu. Usikaange. Angali na uvuguvugu, mchambue miba kwa vidole, kisha rudia tena polepole, maana mwiba mwembamba macho huwa hayauoni. Ponda kwa uma, ongeza mchuzi wake au tui jepesi kijiko kimoja kimoja, mpaka rojo lishike kwenye uma bila kuchuruzika. Alishwe kwa kijiko cha chai. Akishameza kimoja, kijiko kiwekwe chini kwanza. Mtindi, yai na choroko zilizochujwa maganda navyo vinafaa. Pweza asubiri miezi, nyama yake inakwama.

Vitamini ni za maisha yote. Kalsiamu na vidonge vya madini ya chuma vipishane saa 2, na chai ikae mbali na hivyo vya chuma.

Kuhusu maji, vitabu vinasema usinywe wakati wa kula, ngoja nusu saa. Nafundisha hivyo hivyo, ila ushahidi wake si mzito kama tunavyoutangaza, na kwa joto la Februari hapa kwetu kufikisha lita moja na nusu kwa mafunda madogo ni kazi. Nikimkuta mtu midomo imekauka na mkojo umekolea, simhesabii dakika. Namwambia anywe.

Kwenye kutapika sina shaka hata chembe. Kutapika siku mbili tatu mfululizo si tumbo kuzoea. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki chache tu. Ikiisha, miguu inakufa ganzi, mwendo unayumba, macho yanachezacheza, maneno yanapotea. Mkimbizeni hospitali, na kabla dripu ya glukosi haijafunguliwa mwambieni aliye zamu: huyu kakatwa tumbo, anatapika, tunaomba apewe B1 kwanza.