Hofu ya mji hupitia duka la dawa kwanza

Mtu akishikwa na hofu ya ugonjwa mpya, hospitali huwa ya mwisho. Huingia kwanza duka la dawa, akauliza bei ya kitu, akazungukazunguka, na mara nyingi anachouliza sicho kilichomleta. Mimi ni mfamasia hapa Mombasa, na hakuna kipindi kilichonionyesha jambo hilo waziwazi kama wiki za mwanzo za korona, Machi na Aprili 2020. Naandika haya kwa sababu vijana wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo walikuwa bado shuleni wakati ule. Mpox, ugonjwa wa virusi wenye vipele, ilipothibitishwa mpakani Taveta mwishoni mwa Julai 2024, wateja waliuliza maswali yale yale ya 2020, na vijana wangu wakawa wanalijibu swali lililoulizwa tu, mtu akaenda zake na wasiwasi wake vilevile alivyokuja nao.

Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa na Waziri wa Afya Mutahi Kagwe Ijumaa, 13 Machi 2020. Jumapili yake Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa shule. Katikati ya siku hizo mbili sanitaiza ziliisha karibu kila duka la dawa nililolijua mjini, na boksi la barakoa 50 lililokuwa likiuzwa kwa shilingi mia chache likaanza kutajwa kwa maelfu. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, inayowalinda wateja, ilifika hadi ya kuliamuru duka moja kubwa kuwarudishia wateja pesa walizotozwa zaidi kwenye sanitaiza.

Watu wengi walichukia, au tuseme walivunjika moyo, nilipowaambia kipande cha sabuni ya kufulia kinatosha. Niliwaeleza kwa nini. Kirusi cha korona kimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo kama inavyoondoa mafuta ya samaki kwenye sufuria. Utando ukivunjika, kirusi hakina tena uwezo wa kumwingia mtu. Kinachotakiwa ni kusugua kwa sekunde 20 hivi, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha. Sanitaiza nayo hufanya kazi, lakini iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 60. Ile fomula ya Shirika la Afya Duniani ambayo wafamasia tunaichanganya wenyewe huwa na ethanoli asilimia 80, glisarini kidogo ili ngozi isikauke, na haidrojeni peroksaidi ya kuua vijidudu sugu vinavyoweza kuwamo ndani ya chupa zenyewe.

Maelezo hayo ni sahihi, ila kwa mtu wa mitaa kama Kisauni au Likoni anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni, hayatoshi. Kumwambia aoshe mikono kila saa ni kumwambia atumie maji ya kupikia. Yeye hakuwa mjinga kutaka sanitaiza. Alishapiga hesabu yake ya maji kabla hajafika kwangu. Tukaanza kuzungumzia kibuyu chirizi: dumu dogo lenye tundu, limefungwa kamba na kijiti cha kukanyaga, maji yanatoka kidogo tu, na sabuni inaning'inia pembeni. Mikono ya nyumba nzima huoshwa kwa maji machache sana. Walioondoka na mchoro wa dumu hilo kwenye karatasi walitulia kuliko walioondoka na maelezo yangu ya utando wa mafuta.

Hapo ndipo penye shina la yote niliyoyaona. Mtu anayeogopa anataka kazi ya kufanya. Ukimwambia "usiogope" au "usinunue", umemnyang'anya hata kile kidogo alichokuwa nacho, na atakwenda kwa mwingine atakayempa cha kufanya, kiwe cha kweli au cha uongo.

Nakumbuka mama mmoja wa makamo, mteja wetu wa siku nyingi. Alitaka vitamini C, makopo matatu. Nilipokuwa namfungia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hizi dawa za presha, ni kweli zinaukaribisha huu ugonjwa?" Alikuwa amepokea ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp unaosema hivyo, naye alikuwa ameacha kumeza enalapril yake. Nikamkalisha nikampima. Presha ilikuwa 180 kwa 110.

Uvumi ule haukutoka hewani. Kirusi cha korona huingia kwenye seli kupitia protini iitwayo ACE2, na baadhi ya dawa za presha, enalapril na losartan zikiwemo, zinagusa mfumo huohuo wa mwili. Watafiti waliuliza kwa haki kabisa kama dawa hizo huongeza hatari. Chama cha Madaktari wa Moyo cha Ulaya kikatoa tamko tarehe 13 Machi 2020 kwamba hakuna ushahidi wa madhara na wagonjwa waendelee na dawa zao, na tafiti zilizofuata zikaonyesha ndivyo. Lakini swali la watafiti lilifika Mombasa kabla ya jibu, tena likiwa limegeuka kuwa onyo. Nilimweleza mama yule hayo yote kwa Kiswahili cha kawaida, nikamwambia presha iliyopanda hivyo ni hatari ya leo, na korona bado ni hatari ya kesho. Akarudia dawa. Vitamini C alichukua kopo moja, na sikumkataza.

Tangu siku ile kila aliyekuja kununua vitamini, zinki au tangawizi nilimuuliza: "Nyumbani nani anatumia dawa kila siku?" Swali hilo liliibua mengi. Wengine walikuwa wameacha dawa za sukari. Wengine walikuwa wanazimeza nusunusu ili zisiishe, maana walishasikia mipaka itafungwa. Hofu ya namna hii ilikuwa yangu pia. Tarehe 3 Machi India ilizuia kwa muda uuzaji nje wa malighafi na dawa 26, paracetamol ikiwemo, na sehemu kubwa ya dawa tunazouza hapa zinatoka India. Kila asubuhi niliwapigia wasambazaji kabla ya kufungua mlango.

Brufen, dawa ya maumivu na homa, ilikuwa na siku zake pia. Tarehe 14 Machi waziri wa afya wa Ufaransa, Olivier Véran, aliandika kwamba dawa za aina hiyo huenda zikamzidishia mgonjwa wa korona. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani likasema halina pendekezo la kuzikataza. Kwetu ilikuwa rahisi: mwenye homa tulimpa paracetamol, akaondoka bila mabishano.

Klorokwini ndiyo iliyonisumbua usingizi. Rais wa Marekani, Donald Trump, alipoisifu tarehe 19 Machi kuwa tiba ya korona, simu hazikukatika. Wazee waliijua vizuri, kwani ndiyo iliyokuwa dawa ya malaria ya nyumba zetu hadi vimelea vilipoizoea na serikali ikaiondoa. Wengi walikumbuka uchungu wake na ule mwasho wa mwili mzima uliowafanya watoto wajisugue ukutani. Kwa sababu waliimeza utotoni na hawakufa, waliiona ni dawa ya kawaida. Nilichowaeleza ni kwamba klorokwini ina nafasi finyu sana kati ya kipimo cha kutibu na kipimo cha kudhuru, na kwamba inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa ikichanganywa na dawa nyingine. Na ndugu yake, hydroxychloroquine, ni dawa ya kila siku kwa wenye baridi yabisi na lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Kila pakiti iliyofichwa kabatini na mtu asiye mgonjwa ilikuwa imetoka mkononi mwa mgonjwa anayeihitaji. Tuliamua kutoitoa bila cheti cha daktari, na tukawawekea akiba wagonjwa wetu wa lupasi kwa majina. Juni 2020 jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY likatangaza kwamba haikuwasaidia waliolazwa kwa korona.

Halafu kuna kifua. Baada ya kafyu kuanza tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, watu walianza kunijia asubuhi wakisema hawakupata pumzi usiku kucha. Jioni ya kwanza ya kafyu watu waliokuwa wakingoja feri Likoni walipigwa na kurushiwa gesi ya kutoza machozi, kwa hiyo mji ulilala na hofu mbili kwa pamoja. Kijana mmoja alikuwa akijipima kwa kubana pumzi sekunde kumi, kama ujumbe uliokuwa ukizunguka ulivyoagiza. Kila akibana anahisi kifua kinakaza, na kila kikikaza anabana tena. Kipimo hicho hakina maana. Mgonjwa wa korona anaweza kubana pumzi bila shida, na mzima mwenye wasiwasi akashindwa.

Nilimuuliza kama midomo na ncha za vidole zinamfanya ganzi. Akashangaa nimejuaje. Mtu mwenye wasiwasi hupumua haraka na kwa kina bila kujijua, akatoa kabonidioksidi nyingi kuliko kawaida; ikipungua kwenye damu, ganzi huja mikononi na mdomoni, kichwa kinakuwa chepesi, na kifua kinabana kwelikweli. Hadanganyi wala hajifanyi, anayahisi yote hayo mwilini. Nilimweka kwenye benchi, nikambana kidole kwa kipimo cha oksijeni, kikasoma asilimia 98, yaani oksijeni yake ilikuwa ya kawaida. Kisha tukapumua pamoja taratibu, kuvuta kidogo, kutoa kwa muda mrefu zaidi. Nikamweleza pia dalili ambazo akiziona asingoje: kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo kubadilika rangi, kuchanganyikiwa, homa isiyoshuka. Kumpa mtu mipaka ya namna hiyo humtuliza kuliko kumwambia hana kitu.

Kuhusu chai na mvuke nitasema machache, maana watu wamewacheka wenzao vya kutosha. Usiku mmoja mwishoni mwa Machi simu zililia sehemu nyingi za nchi, hasa magharibi, kwamba kuna mtoto mchanga aliyezungumza akaagiza watu wanywe strungi, chai ya rangi, ndipo wapone. Watu waliamshana, wakabandika maji, wakanywa. Hakuna aliyedhurika kwa chai ya rangi, na kwa saa moja jamaa waliotengana walipigiana simu kujuliana hali. Sikuona haja ya kupambana nayo. Kuhusu kujifukiza, ambako jirani zetu Tanzania walikuita nyungu na Rais Magufuli akakuhimiza, niliwaonya watu jambo moja: kuungua. Mvuke hauui kirusi kilichokwisha ingia kwenye seli, ila sufuria la maji yanayochemka chini ya shuka pamoja na mtoto ni ajali inayosubiri. Madaktari wa watoto Birmingham, Uingereza, waliripoti ongezeko la watoto walioungua kwa njia hiyo mwaka huohuo. Kwa mkubwa aliyetaka kufungua pua nilisema weka beseni mezani, watoto wakae mbali. Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, sikuiwekea mjadala: isinywewe, isiogewe, na isichanganywe kamwe na siki wala dawa ya choo, kwa kuwa hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Yote hayo yalikuwa mepesi mbele ya hofu ya kuonekana. Waliopelekwa karantini mwanzoni walitakiwa kujilipia wenyewe. Wagonjwa wawili wa kwanza waliopona walipojitokeza runingani mwanzoni mwa Aprili, mitandao iliwadhihaki na kuchimbua maisha yao. Wateja wangu waliona hayo wakajifunza. Mtu akawa anasimama mbali na kaunta, anasubiri wengine watoke, ndipo anasema dawa ya kikohozi ni ya jirani. Mwingine akatuma mtoto. Kikohozi kikawa "vumbi tu", homa ikawa "uchovu". Duka la dawa linalomkodolea macho anayekohoa linamfunza kujificha, na aliyejificha hupimwa akiwa amechelewa, baada ya kulala chumba kimoja na bibi yake mwenye sukari.

Tulihamisha benchi la wateja hadi barazani, penye upepo, tukaweka kiti cha pembeni ambako mtu angeweza kuzungumza bila foleni nzima kumsikia. Anayekohoa alipewa barakoa bure na kuulizwa kwa sauti ya kawaida kama nyumbani ana chumba au hata kona ya kulala peke yake, nani anampikia, na nani mwingine pale ana maradhi ya kudumu. Watu walipoona hawaitiwi gari la karantini, walianza kusema kweli.

Mombasa, Kwale na Kilifi zilipofungwa tarehe 8 Aprili, tulikuwa na daftari la wagonjwa wa presha, sukari, pumu, kifafa na lupasi, pamoja na namba za simu na tarehe ambayo dawa za kila mmoja zingeisha. Wasioweza kutoka tuliwapelekea kwa bodaboda kabla ya kafyu. Mwanafunzi anayekuja kwangu sasa huanza na daftari hilo: wiki yake ya kwanza haruhusiwi kuuza chochote, anapiga simu tu, anauliza hali, na anaandika ni kitu gani kingine mtu alisema alipodhani maongezi yameisha.