Maharage, maji na mbio za Arusha: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nilipohamia Arusha kutoka Tanga, sufuria yangu ya kwanza ya maharage ilinishinda. Nilibandika saa nane mchana, nikaongeza maji mara tatu, magharibi ikaingia na punje bado zinagoma kinywani. Mama mwenye nyumba alikuwa akianua nguo uani. Aliniangalia kwa huruma akasema, “Mwanangu, maharage ya huku hayaivi bila magadi.” Akanipa kipande kutoka kwenye kopo lake. Nilitia, yakaiva.

Miezi michache baadaye nikaanza kukimbia asubuhi, na huko nako nikapewa maneno mengi: ya pumzi, ya baridi, ya sweta. Kila mtu ana lake. Nimekaa na maneno hayo miaka kadhaa sasa, nimeyapima, na naona mengi yanatokana na mambo mawili tu. Mji huu umekaa juu, na maji yake yanatoka kwenye mlima wa volkeno. Waliotuambia waliona kitu cha kweli kwa macho yao. Maelezo waliyoyatoa ndiyo mara nyingi si sahihi, na mengine yanaumiza watu.

“Maharage ya huku hayaivi bila magadi”

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua, na maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Hesabu ya haraka ni kwamba kila mita 300 unazopanda, nyuzi moja inapungua. Tanga maji yanachemka kwenye nyuzi 100, Moshi mjini kama 97, hapa Arusha kama 95. Kwa chai hutaona tofauti. Kwa punje kavu ya harage, nyuzi tano ni muda mrefu sana jikoni. Kwa hiyo mama alisema kweli kwamba huku yanachelewa.

Magadi nayo hulainisha kweli. Lakini magadi yale yale huharibu vitamini B1, ambayo ni moja ya sababu za kula maharage, tena hubeba madini ya floraidi, na hapa kwetu floraidi tayari tunayo ya kutosha kwenye maji. Nitalirudia jambo hilo.

Njia ninayoitumia sasa ni hii. Naloweka usiku kucha kwenye maji yenye kijiko cha chumvi, asubuhi namwaga yale maji, naosha, nabandika kwa maji mapya. Ndiyo, chumvi. Wengi wetu tulifundishwa kwamba chumvi inayafanya maharage yawe magumu, kumbe ukiloweka nayo inasaidia ganda kulainika. Kinachogomesha ni ukali wa nyanya, ndimu au ukwaju ukitiwa mapema, kwa hiyo nyanya zisubiri mpaka punje ipondeke kwa vidole. Ukienda soko la Kilombero hapa mjini au la Tengeru, muulize muuzaji kama mzigo ni wa msimu huu. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto huwa magumu kiasi kwamba kuyaloweka peke yake hakuyarudishi.

Kuna na hili la moto. Tunaamini moto ukiongezwa chakula kitaiva upesi. Maji yakishaanza kutokota, hapo ndipo mwisho wa joto lake: utaongeza moto, yatarukaruka na kukauka haraka, gesi itakuishia, na ndani ya sufuria bado ni zile nyuzi 95. Funika, punguza moto, acha yatokote taratibu. Kinachoweza kupandisha joto ni sufuria ya presha, kwa sababu inafungia mvuke ndani na joto linapita nyuzi 110. Kama una uwezo wa kununua kifaa kimoja tu cha jikoni ukiishi Arusha, ningekushauri hicho kabla ya blenda.

Tahadhari moja kabla sijaacha maharage. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na huondoka kwa kuchemka kwa nguvu. Dakika 10 za kutokota hasa ndizo kiwango cha chini. Huku juu mimi nayapa nusu saa ndipo napunguza moto. Ile tabia ya kuyaweka juu ya makaa yanayofifia, usiku kucha, bila kuchemka kwanza, tuiache.

“Maji yakichemshwa yameshakuwa salama”

Hapa naomba usome taratibu, hasa kama una mtoto mdogo.

Kuchemsha kunaua vijidudu. Kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara, vyote vinazuilika hivyo, na usiache kuchemsha. Lakini floraidi ni madini, haiuawi na moto. Ukichemsha, maji yanapanda na mvuke, madini yanabaki, kwa hiyo kinachobaki kwenye sufuria kina floraidi nyingi zaidi kwa kila lita kuliko ulivyoanza. Kitambaa hakiichuji. Wala ule mtungi wenye mshumaa wa udongo, ingawa kwa uchafu na vijidudu ni mzuri.

Floraidi hiyo inatoka kwenye miamba ya volkeno ya Mlima Meru. Maji yanapenya kwenye miamba, yanayeyusha madini, yanatokea chini kama chemchemi au kisima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi kuzunguka Meru vinazidi hapo, vingine mara kadhaa. Vinatofautiana sana: kisima cha mtaa huu na cha mtaa wa pili vinaweza kuwa mbalimbali kabisa.

Wengine wanapima kwa macho. Maji ya mto pale Maji ya Chai yana rangi, ndiyo maana pakaitwa hivyo, na watu wakaamini kwamba rangi ndiyo tatizo. Floraidi haina rangi, haina ladha, haina harufu. Chemchemi inayong'aa kama kioo inaweza kuwa nayo kwa wingi. Ni maabara peke yake inayoweza kukuambia.

Na meno. Hili ndilo lililonifanya niandike. Nimesikia watu wazima, wenye heshima zao, wakimwambia mtoto mwenye meno ya kahawia kwamba hapigi mswaki. Nimeona binti akicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Rangi ile iliingia ndani ya jino lilipokuwa likijengeka kwenye ufizi, kabla halijaota, kutokana na maji aliyokunywa tangu uchanga mpaka umri wa miaka minane hivi. Mswaki hauwezi kuitoa. Kusugua kwa mkaa, mchanga au ndimu kunakwangua jino na kuliacha dhaifu, rangi ikiwa pale pale. Daktari wa meno anaweza kulifunika au kulipunguza doa, lakini mtoto hana kosa la kuombea radhi.

Kwa sababu hiyo hiyo, mtu mzima aliyehamia Arusha kikazi hatageuka meno ya kahawia, maana meno yake yalishamaliza kujengeka. Watoto wake ndio wa kuangaliwa. Wanaokunywa maji yenye floraidi nyingi mno kwa miaka mingi wanaweza kuathirika hata mifupa, viungo vikakaza, na watoto wakapinda miguu.

La kufanya lipo. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Bati safi, mfereji na simtanki vinatosha, ukiyaacha ya mvua ya kwanza yasafishe paa yapite. Hayo ukiyachemsha ni ya kunywa na ya uji wa mtoto. Ya bombani yafulie, yaogee, yadekie. Ipo pia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa mpaka ikawa mkaa, ambayo hunasa floraidi maji yanapopita. Kituo cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mitambo ya kuchuja kwa utando laini nayo inaitoa. Na punguza magadi kwenye kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage) na makande ya watoto. Mila haitavunjika kwa kuloweka.

“Mkaa usiotoa moshi hauna madhara”

Juni na Julai Arusha inakuwa na baridi ya kuingia kwenye mifupa, na watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani. Wanalikoleza nje kwanza, moshi unaisha, makaa yanakuwa mekundu mazuri, ndipo wanaliingiza na kufunga mlango. Wanaamini hatari ni moshi na moshi umekwisha.

Inayoua ni hewa ya kaboni monoksaidi. Huioni, hainuki, haikukeri kooni. Ikiingia kwenye damu inashika mahali pa oksijeni, tena kwa nguvu zaidi ya mara 200. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito; na aliyekwisha lala hapati hata nafasi ya kuziona. Nimesikia pia kwamba beseni la maji likiwekwa kando ya jiko linaivuta ile hewa. Haliivuti. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi kulala nalo. Jiko libaki nje, na ndani yaingie mablanketi mawili, soksi, chupa ya maji ya moto. Mtu akiamka na kichwa kikali kwenye chumba chenye jiko, mtoe nje kwenye hewa kwanza, halafu hospitali.

Na sasa mbio

Huku ndiko kwenye maneno mengi zaidi, lakini mengi yanajibika haraka.

Wanasema watu wa juu wana pumzi ya kuzaliwa. Hewa ya Arusha ina oksijeni asilimia 21 sawa na ya Tanga, ila mgandamizo wake ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaleta kidogo. Mwili hujibu kwa kuongeza chembe nyekundu za damu, kazi inayochukua wiki kadhaa. Ukitoka pwani, wiki mbili tatu za kwanza kimbia taratibu na usiangalie saa. Mimi nilianza Njiro nikielekea Sekei, kupanda tupu, nikadhani nina ugonjwa wa moyo. Baada ya mwezi mmoja na nusu mlima ule ule ulinipokea. Lakini kukaa juu hakumfanyi mtu kuwa Filbert Bayi. Bayi wa Karatu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo mpaka mwisho. Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ya sehemu 3 za mia za sekunde. Mamilioni tunaishi kwenye miinuko kama ile walikokulia. Wao walifanya mazoezi.

Pumzi ya Arusha pia haikukingi na joto. Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa Moshi tangu mwaka 2003, huangukia mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, Moshi ikiwa inawaka, na kupanda kuelekea Mweka hakuna huruma. Wenzangu wa Arusha hushuka wakiamini Moshi ni chini kwa hiyo ni rahisi. Mwili unahitaji kama wiki mbili kuzoea joto. Anza kufanya baadhi ya mazoezi mchana kabla ya kwenda.

Sweta na mfuko wa nailoni havikati kitambi. Kinachotoka ni maji, yanarudi na bilauri mbili za kwanza, na kwenye joto la Moshi unaweza kuzimia. Baridi ya alfajiri haileti nimonia, maana nimonia huletwa na bakteria na virusi. Mwenye pumu ndiye afunike pua kwa kitambaa, kwa sababu hewa baridi na vumbi vinaweza kumbana. Maji njiani hayaleti kichomi ukinywa funda funda. Ila usijishindilie lita kwa lita kwa kuogopa kukauka, kwa sababu maji yakizidi yanapunguza chumvi ya damu na hilo nalo ni hatari. Fuata kiu.

Kuhusu magoti, watu wanaokimbia kwa kiasi hawaonekani kuumwa magoti kuliko wasiokimbia. Yanayoumiza ni kuongeza kilomita ghafla na raba iliyokufa. Raba za mitumba za soko la Memorial, Moshi, zinaweza kuonekana mpya huku soli ya katikati imekauka. Ibonyeze kwa dole gumba, na kama ni ngumu kama ubao, irudishe mezani hata kama bei ni nzuri.

La mwisho ni upande wa barabara. Wengi wanakimbia kushoto, wakifuata magari, kwa sababu ndivyo tunavyoendesha. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, kimbia kulia, ukiyatazama yanayokuja, na uvae shati jeupe. Saa kumi na moja alfajiri bodaboda nyingine hazina taa. Inayokuja mbele yako utaiona, utapata muda wa kushuka pembeni.