Msongo wa mawazo, hamu ya kula na kitambi: maswali na majibu

Kwa nini mshtuko humkosesha mtu hamu ya kula, ilhali mawazo ya muda mrefu huwafanya wengi wale kupita kiasi?

Kwa sababu homoni zinazohusika hazifanyi kazi kwa wakati mmoja. Anayepigiwa simu usiku na kuambiwa kwamba ndugu yake amelazwa hospitalini hawezi kumeza hata tonge: adrenalini humiminika katika damu, moyo humwenda mbio, damu hupungua tumboni na kuelekezwa kwenye misuli, na ile homoni ya ubongo inayoamsha mfumo mzima wa msongo huzima njaa. Kotisoli, inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo, hufuata baada ya dakika kadhaa na hukawia kuondoka. Huongeza sukari katika damu, kisha huamsha hamu ya kula ili akiba iliyotumika irudishwe. Hatari ikipita, nayo hushuka; lakini kodi ya nyumba inayodaiwa tangu miezi mitatu iliyopita haipiti kwa usiku mmoja.

Mbona mtu hutamani chipsi, vitumbua na soda, wala si mchicha?

Kotisoli ikishirikiana na insulini huchochea sehemu za ubongo zinazohusika na raha. Mwaka 2003 Mary Dallman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wakitegemea zaidi majaribio ya panya, walieleza kwamba vyakula vyenye mafuta na sukari nyingi huonekana kuutuliza mfumo wa msongo. Ikiwa ndivyo, mlaji hupata nafuu ya kweli, japo ya muda mfupi, na ndiyo maana naona kumwambia mtu “jizuie tu” ni ushauri dhaifu.

Je, kotisoli yenyewe hunenepesha?

Ushahidi ulio wazi zaidi hutoka kwa wagonjwa. Mwaka 1932 Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa ubongo nchini Marekani, alichapisha maelezo ya ugonjwa ambao leo tunajua kwamba huletwa na wingi wa kotisoli: uso huwa wa mviringo, mafuta hujaa tumboni na nyuma ya shingo, huku mikono na miguu ikikonda. Wanaotumia prednisoloni kwa muda mrefu, labda kwa ajili ya baridi yabisi, huweza kupata hali kama hiyo, kwani dawa hiyo hufanya kazi kama kotisoli. Mtu humaliza sahani ya ugali na bado akahisi njaa. (Hata hivyo asiiache ghafla bila daktari, kwa sababu tezi zake huwa zimezoea kutofanya kazi.)

Msongo wa kila siku haufikishi kotisoli kiwango hicho. Huchangia uzito hasa kwa kubadilisha tunachokula na tunavyolala. Hata hivyo, mafuta yaliyo ndani ya tumbo yana vipokezi vingi (sehemu za seli zinazoipokea homoni) vya kotisoli kuliko yale ya chini ya ngozi, na ndiyo hayo yanayohusishwa zaidi na kisukari cha aina ya 2 na shinikizo la damu.

Usingizi unahusikaje?

Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliochapishwa mwaka 2004, vijana 12 wenye afya walilala saa 4 kwa usiku mbili, na wakati mwingine saa 10. Walipolala kidogo, leptini, homoni ya shibe, ilikuwa chini kwa asilimia 18, na grelini, homoni ya njaa, juu kwa asilimia 28.

Je, vidonge na chai za “kushusha kotisoli” vinafaa?

Sioni sababu ya kuvilipia. Kulala vya kutosha, kutembea, na kutoruka mlo wa mchana hadi usiku kuna manufaa zaidi. Lakini anayenenepa tumbo huku mapaja yakidhoofika hata kuinuka kitini kukawa shida, au anayetokwa na michirizi mipana iliyokolea tumboni, amwone daktari. Atapimwa mate ya usiku au mkojo wa saa 24; damu ya asubuhi peke yake haithibitishi ugonjwa alioueleza Cushing, kwani wakati huo kotisoli huwa juu kwa kila mtu.