Jipu la kuku: kwa nini haliivi wala halitumbuki

Jipu la mtu tunalijua sote. Linaanza kama kipele, linavimba, linauma, linaiva, na siku likitumbuka usaha unamwagika na usingizi unarudi. Mfugaji akipapasa uvimbe kwenye mwili wa kuku wake, hilo ndilo jipu linalomjia akilini. Anasubiri liive, lakini haliivi. Analiminya, na hakitoki kitu ila damu na makelele ya kuku.

Sababu iko kwenye usaha wenyewe. Usaha ni mabaki ya chembe nyeupe za damu zilizokufa zikipigana na bakteria. Kwa binadamu, chembe hizo hubeba vimeng'enya vinavyolainisha mabaki hayo hadi yakawa majimaji. Chembe za kuku zimepungukiwa na kimojawapo, kwa hiyo usaha wake hukauka na kushikana. Ukilifungua jipu lake utakuta donge la manjano linalomeguka, mfano wa kiini cha yai lililochemshwa kupita kiasi. Kwa ufupi, jipu la kuku ni donge kavu lililofunikwa na ngozi.

Jambo hilo dogo linabadilisha matibabu yote. Dawa ya bakteria husafiri na damu, na ndani ya donge hakuna damu inayopita. Unaweza kuchanganya pakiti baada ya pakiti kwenye maji ya kunywa. Dawa huenda ikazuia maambukizi yasisambae, lakini donge litabaki pale pale mpaka litolewe.

Mwaka jana nilikuwa kwa senje, yaani shangazi yangu, pale Khayega, njia ya kwenda Kakamega. Alikuwa na mtetea mmoja mwekundu aliyekuwa akichechemea, na muuza dawa wa karibu alikuwa ameshamuuzia poda ya kuweka kwenye maji. Wiki nzima, mguu ule ule. Tulipompindua kuku tukaona chini ya wayo kigaga cheusi cha duara, upana wa sarafu ya shilingi moja, na kando yake nyama nyekundu yenye joto. Hilo ndilo jipu la wayo, na ndilo linaloonekana zaidi kwa kuku wa nyumbani. Mara nyingi bakteria anayehusika ni Staphylococcus, ambaye anaweza kumpata mtu pia, kwa hiyo glavu si mapambo.

Tulimfunga kuku kwenye leso kuukuu na kumfunika macho. Kuku asiyeona hutulia, karibu asinzie. Mguu ukaingia kwenye karai la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, robo saa hivi, hadi kigaga kikalainika. Kwa kibano kilichochemshwa, senje akainua ukingo wa kigaga polepole, na donge likaja nacho, na ncha yake imechongoka kama punje ya mahindi iliyong'olewa kwenye gunzi. Akabaki ameliangalia. "Yaani hiki ndicho nilikuwa nakinywesha dawa?"

Tulisafisha shimo kwa ayodini, tukaweka pamba ya gozi na bendeji, na kubadilisha kila baada ya siku mbili. Kuku alikaa peke yake juu ya maranda makavu. Wiki ya tatu akawa anaparua bustani ya sukuma kama kawaida. Ila kama uvimbe umepanda hadi kwenye goko, au kuku hali na amejikunyata, hapo si kazi ya kibano cha nyumbani. Mwite daktari wa mifugo. Ndani mle kuna mishipa na kano.

Na chanzo? Kuku wa senje walikuwa wakilala juu ya mparachichi, na kila asubuhi wanaruka na kutua kwenye mawe. Wayo unachubuka, bakteria wanaingia. Uzito mkubwa, miiba na banda lenye unyevu hufanya vivyo hivyo. Walijengewa kijiti cha kulalia kisichozidi kimo cha goti.

Lakini kabla ya kushika kibano, hakikisha ni jipu kweli. Uvimbe laini kifuani, upande wa kulia chini ya shingo, mara nyingi ni mfuko wa chakula tu. Mpapase jioni, umejaa. Mpapase alfajiri kabla hajala, unapaswa kuwa mtupu. Ukibaki umejaa na mgumu asubuhi, kuna kitu kimekwama, pengine nyasi ndefu au kipande cha kamba. Madoa meusi yaliyojazana kuzunguka macho na kwenye kilemba, ukiyatazama kwa karibu, huenda ni viroboto walioganda kichwani. Jeli ya mafuta ikipakwa juu yao inawanyima hewa. Uso uliovimba pamoja na makamasi yanayonuka ni mafua ya kuku. Huo ni ugonjwa wa bakteria unaoenea upesi, na hapo dawa ina nafasi yake kama itaanza mapema, kabla usaha haujakauka chini ya jicho.

Vile vipele vya kahawia kwenye kilemba na kope, vinavyozuka msimu wa mvua wakati mbu wamezagaa, hasa huku upande wa Kisumu, ni ndui ya kuku. Watu huuliza, si ndui ilitokomezwa duniani mwaka 1980? Ile ilikuwa ya watu. Hii ni ya ndege, virusi vyake ni vingine na havimpati binadamu. Haina dawa. Vipele vya ngozi hukauka vyenyewe ndani ya wiki tatu au nne, ila vikiota mdomoni na kooni kuku huweza kukosa pumzi. Usivibandue, kwa maana virusi vinaishi ndani ya kigaga na unavisambaza bandani. Chanjo huchomwa kwenye utando wa bawa kwa sindano yenye ncha mbili, na baada ya siku 7 hadi 10 unatazama pale pale kama pamevimba kidogo. Pasipovimba, chanjo haikushika.

Kuhusu ile poda ya senje: karatasi yake ilikuwa na mstari mdogo unaotaja siku ambazo mayai hayafai kuliwa wala kuuzwa baada ya dozi ya mwisho, kwa sababu dawa hupita hadi kwenye yai. Muuzaji hakuutaja, nasi tuliusoma tukiwa tumeshamaliza kufunga bendeji. Trei ya wiki hiyo ilikuwa tayari imeshapelekwa sokoni.